Miaka mitatu ya lipa namba kwenye genge la nyanya: uzoefu wangu

Kibao chenyewe ni cha plastiki, kipana kama sahani ya ugali, na nimekitundika juu ya mkungu wa ndizi kwa kamba ya katani. Jua la Tabata, Dar es Salaam, limekipausha mpaka tarakimu mbili za mwisho zikafutika, nikazikoleza kwa maka peni. Ndiyo lipa namba yangu, namba ya biashara ambayo mteja anailipia kwa simu. Ninayo tangu 2022, na kila wiki hakosi mwenzangu wa genge au wa chipsi anayeniuliza, "Mama Shadya, hicho kidude kinalipa kweli?" Jibu langu limekuwa refu kuliko subira ya mtu aliyesimama juani, basi nimeona niliandike. Mtandao wa simu sitautaja. Nimeshatumia mitatu, na kero zake zimefanana kama watoto wa tumbo moja.

Nianze na chenji, maana hapo nina shukrani ya kweli. Mtu wa genge anauza vitu vya mia tatu, jero, buku. Saa moja asubuhi anakuja mteja kashika msimbazi, anataka mchicha wa mia tano. Ukimwambia huna chenji anahamia genge la pili. Ukikimbilia dukani kwa Mangi kuvunja, naye anakwambia nunua kwanza kitu. Madukani walizoea kurudisha chenji kwa pipi na vibiriti. Mimi chenji yangu ilikuwa ndimu na pilipili. Kuna waliokuwa wanasema, "Weka, nitapita jioni," na jioni ikifika yeye anakumbuka jero, mimi nakumbuka mia tatu. Nimewahi kununiana na jirani mwezi mzima kwa shilingi mia mbili. Sasa mtu akichukua vitu vya 1,700 inaingia 1,700, kila mtu na njia yake. Kwa hilo peke yake nisingekubali kukitundua kibao.

Kusajiliwa hakukunichosha. Kijana wa mtandao mwenye fulana alipita na mwavuli wake, akataka namba yangu ya kitambulisho cha taifa, cha NIDA, akaniwekesha kidole kwenye kimashine, akaniuliza jina la biashara. Sikuwa nalo. Genge ni genge. Akaandika jina langu, akaongeza "Mbogamboga", na ndilo linalomtokea mteja kabla hajaweka namba ya siri. Mteja analisoma kwa sauti, "Ni wewe?" nami naitikia. Ni kitu kidogo, ila kinaokoa. Mwanzoni mwa mambo haya ya simu niliwahi kukosea tarakimu moja, elfu kumi na tano ikatua kwa mtu wa Tunduma ambaye mpaka leo hapokei simu.

Jambo jingine zuri ni kwamba siku hizi mteja wa mtandao wowote analipa kwenye kibao kilekile, hata wa benki. Wenye umri wangu wanakumbuka ilivyokuwa: ukitumiwa hela na mtu wa mtandao mwingine ulipata ujumbe wenye tarakimu za kwenda nazo kwa wakala, kama unadai mzigo stoo. Mitandao ilianza kupelekeana hela moja kwa moja mwaka 2014, Vodacom wakaingia 2016, na sasa Benki Kuu ina mfumo wake, TIPS, unaounganisha simu na mabenki papo kwa papo. Zamani magenge mengine yalining'iniza vibao vitatu kama nguo kwenye kamba, na sisi wengine tulitembea na laini tatu. Laini zangu mbili zimelala kwenye kopo la vifungo.

Sasa kero, na hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Hela ya mteja inaingia kwenye simu saa mbili usiku. Saa tisa na nusu usiku mimi naamka kwenda sokoni Mabibo, Mahakama ya Ndizi, kuchukua mzigo. Kule hakuna habari ya kibao. Dalali wa nyanya anataka noti. Mpagazi anataka noti. Ushuru ni noti. Dereva wa kirikuu anataka noti, tena kabla hajawasha gari. Na siwalaumu. Mwenye nyanya ametoka nazo Ilula, Iringa, kwenye fuso usiku kucha, anataka kurudi na hela yake mkononi, kwa sababu waliomchumia shambani anawalipa vibarua kwa mkono, na huyo kibarua akipewa hela ya simu ana safari ya kumtafuta wakala. Kwa hiyo mteja ananilipa kwa simu, mimi nanunua kwa noti, na katikati pana mlango wenye kiingilio. Kiingilio nalipa mimi.

Mteja haoni hilo. Anadhani amenirahisishia, na kwa upande wake kweli imerahisika. Mwaka jana nilichukua daftari nikaandika kila shilingi niliyokatwa kwa kutoa, Jumatatu mpaka Jumamosi. Ilifika 21,400. Kwa genge langu hiyo ni faida ya siku nzima, tena siku iliyochangamka. Mtu mwenye duka kubwa hutoa hela yake mara moja tu kwa wiki. Mimi mtaji wangu unazunguka kila siku, natoa kila siku, nakatwa kila siku. Makato ya kutoa kidogokidogo ni kama kununua mafuta ya kupikia ya kupima: kwa jumla yake unalipa zaidi ya mwenye dumu.

Halafu kuna wakala. Wakala wangu anafunga saa tatu usiku, na Mabibo hainisubiri mpaka afungue. Basi lazima nitoe usiku huohuo, na usiku huo kila mtu wa mtaa anatoa. Nimekuta mara nyingi ana floti, yaani hela ya kwenye simu, keshi hana. Nazunguka mpaka kwa wakala wa pili, wa tatu, huku nimeshika simu yenye hela ambayo haininunulii hata karoti. Nilipochukua kibao nilidhani nimeachana na kutembea na fedha gizani. Natembea nazo vilevile, nimezifunga kwenye pindo la kanga ya ndani. Tofauti ni kwamba zamani zilikuwa kamili.

Mtaniambia: waambie wateja waweke na ya kutolea. Ndiyo, kila mtu nchi hii anajua "tuma na ya kutolea". Tunaidai kwa wajomba na tunadaiwa na shangazi. Lakini dukani ni jambo jingine. Nilijaribu kuongeza mia mbili kwa kila anayelipa kwa simu zaidi ya elfu tano. Ilidumu siku tatu. Mwalimu mmoja, mteja wangu wa miaka, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwa hiyo Mama Shadya, nalipia kukupa hela?" Akavuka barabara. Nikaiondoa. Nilichofanya badala yake sijivunii, lakini nimesema nitaandika yote: fungu la nyanya la buku lilikuwa na tano, nikaweka nne. Kwa wote. Maana yake yule bibi aliyekuja na sarafu zake alimsaidia kulipia makato kijana wa simu kubwa, naye hakujua.

Wakati wa tozo ya miamala ya simu ndipo nilipoyaona haya kwa mara ya kwanza, ingawa sikuwa na kibao bado, nilikuwa napokelea kwa namba yangu ya kawaida. Serikali ilianza kukata tozo tarehe 15 Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Ndani ya wiki mbili mtaa wangu ulirudi kwenye noti. Watu waliokuwa wanajigamba hawashiki hela wakaanza kutumana kwa makonda wa mabasi, bahasha na jina juu. Mwezi wa tisa wakapunguza kwa asilimia 30, baadaye wakapunguza tena. Wateja walirudi polepole, kama kuku waliofukuzwa jikoni. Nilichojifunza mimi ni kwamba mtu wa kawaida haogopi simu wala haipendi noti. Anahesabu tu.

Mdogo wangu ameolewa Mombasa, anauza nguo Kongowea. Kule M-Pesa ilianza 2007, mwaka mmoja kabla haijafika kwetu, na tukiongea ananicheka. Anamlipa kwa simu hata anayemletea belo. Hela inaingia, inazunguka, inatoka, yeye hajagusa noti. "Wewe dada shida yako si simu, shida yako ni Mabibo." Alisema akitania. Mimi nimelala na maneno hayo.

Wizi. Hili kila mwenye kibao lazima alisikie. Mwezi wangu wa pili tu na kibao, Jumapili, genge limejaa, akaja kijana nadhifu, akachagua tikiti maji mbili, parachichi, kitunguu swaumu, vitu vya elfu kumi na nne. Akabonyeza simu yake, akanionyesha ujumbe: malipo yamekamilika, jina langu, kiasi, saa, kila kitu. Nikamfungia. Usiku natoa hesabu, elfu kumi na nne haipo. Ujumbe aliuandika mwenyewe, akajitumia kwa laini nyingine. Nilikasirika zaidi kwa sababu nilimpa nyongeza ya ndimu.

Tangu siku hiyo ujumbe wa kwenye simu ya mteja kwangu ni picha ya ugali. Naangalia simu yangu. Nikiwa na foleni naangalia salio, si ujumbe, kwa sababu hata simu yangu wameshaitumia ujumbe wa bandia. Ujumbe wa kweli wa mtandao hauji kutoka kwenye namba ya mtu. Na ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeuzoea mpaka watoto wanauchezea, lakini nasema tu: bado unakamata watu, hasa mwisho wa mwezi, mtu akiwa kweli anadaiwa kodi. Upande mmoja lipa namba imenisaidia: nilipopokelea kwa namba ya kawaida, kuna waliolipa, wakaondoka na mboga, halafu wakapiga simu huduma kwa wateja kudai wamekosea namba ili muamala urudishwe. Kwenye kibao haijanitokea.

Kuna mteja wangu mmoja ninayemwita Bibi, ana kitochi, mtoto wake yuko Muscat anamtumia hela kila mwezi. Zamani hela ikiingia alikwenda kwa wakala, akatoa yote, akaifunga kwenye leso. Sasa mjukuu amemfundisha kulipa kwa simu. Amemfundisha nusu. Anafika gengeni, ananipa simu, ananiambia, "Nibonyezee mwanangu, macho yangu haya," halafu anaitaja namba ya siri kwa sauti ya kuita mtoto aliye ng'ambo ya barabara. Ni mwaka wa Muungano. Genge zima linaujua mwaka wa Muungano. Nimemwambia mara tatu abadilishe, ananijibu, "Nani ataniibia hapa, si nyinyi wanangu?" Nabonyeza. Namwonyesha kiasi, ingawa haoni. Kila mara najisikia kama nimeingiza mkono kwenye leso ya mtu. Leso angalau ilikuwa yake, fundo analifunga na kulifungua mwenyewe. Watu wanaotengeneza menyu hizi wangekaa na Bibi asubuhi moja tu, wakae kwenye kreti la soda, watazame.

Mkopo wa kwenye simu nao ni sehemu ya kifurushi, usije ukashangaa. Miezi michache baada ya kibao kuanza kuingiza hela, simu ikaanza kunibembeleza: unastahili elfu themanini, unastahili laki na nusu. Wanaona mauzo yako, wanajua unaweza kulipa. Nilichukua laki siku nyanya zilipopanda, na ukweli ni kwamba iliniokoa. Benki gani ingenisikiliza saa nne usiku bila hati wala mdhamini? Lakini ada yake ni nzito kwa mkopo wa muda mfupi namna ile, na siku ikifika hawakuulizi. Hela ya mteja ikiingia inakatwa juu kwa juu. Nimesimama nauza bamia, simu inalia, elfu tatu imeingia, elfu tatu imeondoka. Mteja anasubiri nimwambie imesoma. Imesoma, ndiyo, imesoma na kumezwa. Nimekopa mara mbili, ya tatu sijakopa.

Na kuna hili ambalo wanawake wenzangu watanielewa. Noti zilikuwa na siri. Mtu akija kukopa, nilisema sina, naye akatazama boksi la hela lina sarafu tatu, akaamini. Sasa shemeji anakaa gengeni dakika kumi anasikia simu inalia kila baada ya muda, kila mlio ni hela. "Sina" yangu imekufa. Nimezima mlio, lakini sasa siwezi kujua nani kalipa mpaka niangalie, na mkono una tope la mihogo. Kibubu changu cha bati nimekirudisha chini ya kitanda. Kila siku naweka elfu tano ya noti. Mwanangu Shadya anasema ni ushamba, ningeweka kwenye simu kuna sehemu ya akiba. Ninaijua. Ile ya simu naifungua kwa tarakimu nne. Hiki cha bati lazima nikivunje, na kelele yake inanitia haya.

Mtandao ukikatika, hapo ndipo utakapojua nani ni mteja na nani ni mpita njia. Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kusini huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti nchini ikawa ya kubahatisha kwa siku kadhaa. Wateja wangu wa simu kubwa, wanaolipa kwa programu au kwa kupiga picha ule mraba wa madoadoa, walikwama, skrini inazunguka tu. Bibi na kitochi chake walilipa kama kawaida kwa kubonyeza nyota na tarakimu, maana menyu ile haihitaji intaneti. Alifurahi kuliko siku ya Iddi. Waliokwama niliwaandika kwenye daftari la madeni. Waliporudi kulipa walikuwa wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye mwenye simu ya bei kubwa kuliko wote, lakini hilo nadhani ni bahati mbaya tu.

Basi kwa wanaouliza kama wachukue: kama unauza vitu vilivyokwisha kununuliwa kwa jumla mara moja kwa wiki, duka la nguo, saluni, vifaa vya simu, chukua kesho. Utatoa hela mara chache, makato hutayasikia. Kama ni genge, mama lishe, samaki, kitu cha kununua alfajiri na kuuza jioni, chukua pia, kwa sababu wateja wengine hawana tena noti na wataenda kwa mwenye kibao. Lakini kaa na daftari wiki ya kwanza, jua unakatwa kiasi gani, na bei yako uipange ukijua. Mimi sasa wateja wangu wa kila siku nawaambia wazi: ukiwa na noti, nyanya tano. Ukilipa kwa simu, nne. Nimeiandika kwenye boksi. Mwalimu amerudi, analipa noti.

Kwangu mimi nyota tatu na nusu. Nusu ni ya chenji.

Juzi alfajiri nimefika Mabibo, nikamkuta dalali wangu wa nyanya ametundika kibao kipya juu ya matenga, kinang'aa, bado kina karatasi yake ya nailoni. Moyo ukaruka. Nikatoa simu nikiwa nacheka peke yangu, nikamuuliza tenga bei gani.

"Arobaini na tano."

Nikaanza kubonyeza. Akanishika mkono.

"Dada, hiyo ni ya noti. Kwa kibao ni arobaini na saba. Si unajua, kuna ya kutolea."

Nikarudisha simu, nikageukia ukutani, nikafungua pindo la kanga.